Michembe ya Kishapu kwa Watani wa Rufiji

Manyoni,
18 Aprili 2024

Shangazi Eufrasia,

Shikamoo. Naiandika hii nikiwa nimevua kofia, Theonest ni shahidi wangu. Mimi mzima, gari zima, mzigo mzima. Loveness na watoto niliwaacha Katoro salama, isipokuwa yule mdogo aliyemeza kifungo cha shati langu la kanisani. Mama yake anakisubiri kwa uvumilivu. Wewe mguu vipi? Na yule jogoo wako mkorofi, hajaliwa tu?

Umenifanya kichekesho barabarani, shangazi. Madereva wote hapa hotelini wameinamia simu, mimi nimeinamia karatasi kama karani wa mahakama ya mwanzo. Lakini amri ni amri. Ulisema, "Ndaki, kwenye simu kila nikikuuliza swali gumu mtandao unakata. Andika. Karatasi haina mtandao." Tena ukasema kila barua itasomwa Alhamisi mbele ya kikundi. Basi akina mama wote wa kikundi cha Igembe Nsabo, mwadila! Na wewe Mama Thobias, Melania, katibu wetu unayesoma kwa sauti ya kwaya, nakusalimu mara mbili ili usiruke mistari.

Safari ni ya kifalme. Mafuso mawili, langu mbele, la Theonest nyuma, maana Mhaya huyu anaendesha kama aliyepakia mayai. Hakuna aliyetutuma. Sisi wachimbaji na madereva wa Katoro tumejitolea wenyewe, na sababu mnaijua. Duara letu, shimo la dhahabu, lilipotitia mwaka ule na sisi tuko chini, watu tusiowafahamu walichimba mpaka wakatufikia, wala hawakuuliza kabila la mtu kabla ya kumvuta mkono. Sasa tumesikia Rufiji imefurika, watu wamekaa juu ya mapaa kama kunguru. Tukaulizana, tunangoja nini?

Katoro tulichanga maharage na sabuni. Kahama, Vinod akafungua stoo yake ya mablanketi, na mama yake, Bi Bhagwati, akanivuta sikio mbele ya wateja: "Wewe Ndaki, blanketi moja likionekana kitandani kwako, nakuja Katoro kulivua mwenyewe!" Mama yule Mungu alikosea kidogo tu, angekuwa Msukuma. Kagongwa, wenye mashine za kukoboa wakatupa mchele mpaka springi zikalia.

Lakini siku kubwa ilikuwa Tinde. Nyinyi mkashuka kwenye basi kutoka Kishapu na magunia kumi na mawili juu ya keria, viazi vyenu mlivyomenya, mkavikata na kuvianika juani kiangazi kilichopita. Michembe! Watu wa kituoni wakadhani mnahama. Na pale pale, mbele ya wauza mahindi, Mama Thobias akasema tena maneno yake: "Watu wamepoteza nyumba, sisi tunawapelekea michembe? Tungeuza mbuzi tununue unga wa dukani, tuonekane na sisi ni watu." Nawe shangazi ukamjibu, nilisikia kwa masikio haya: "Chakula kilichokuvusha wewe kitamvusha na mwenzako. Wakikikataa, uenyekiti wangu chukua."

Nikaapa. Mimi Ndaki, niliyekula Lubumbashi, nikaoga Kigali, nikalala Tunduma kwenye foleni mpaka nikajulikana kwa jina, hakuna gunia lenu litakalorudi Kishapu. Shangazi yangu hatavuliwa kiti kwa ajili ya michembe.

Kwenye mizani kijana mmoja alichungulia gunia akauliza kwa nini tunabeba magome ya mti. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tembea uone dunia." Tumecheka mpaka hapa.

Konda wa basi la kwenda Shinyanga anapiga honi, nampa hii.

Wako,
Ndaki, dereva wa kimataifa


Mhunze, Kishapu,
4 Mei 2024

Ndaki,

Marahaba. Barua yako konda aliileta ndani ya soksi yake, tuliisoma tukiwa tumekaa mbali nayo. Huku mvua ilikuwa ya wastani, pamba imesimama, mtama unainamisha vichwa. Mguu unauma asubuhi na kunyamaza mchana. Jogoo hajaliwa wala hataliwa. Ndiye pekee katika nyumba hii anayeamka kabla yangu.

Melania alisoma vizuri, ila alipofika kwenye maneno yake ya Tinde akapata kikohozi. Wanawake wakamwambia anywe maji arudie. Akarudia. Alipomaliza akasema, "Haya. Amesifu barabara, amesifu magari, amejisifu mwenyewe. Michembe imeliwa?" Nikamwambia gari lilikuwa bado njiani. Akasema, "Nauliza tu."

Sasa na mimi nauliza tu. Imefika? Imeliwa? Na nani, kwa mboga gani? Andika jina la mlaji mmoja mwenye akili timamu. Upishi sikufundishi, umeila tangu ulipoota jino, na watu wa huko watajua wenyewe. Nani asiyejua michembe?

Ujue kwamba hao wanawake hawakutoa makombo. Hiyo ilikuwa akiba ya kutufikisha kwenye mavuno. Serafina ana wajukuu sita, alinipa gunia zima kwa sababu nilimwangalia usoni nikamwambia litaliwa. Mkutano wa kuchagua viongozi ni mwezi wa saba, baada ya kuvuna. Kiti siyo kitu, kinauma mgongo. Lakini sitaki Serafina anitazame nishindwe kumtazama.

Mimi sijambo. Kihenge changu kinapumzika, na mimi napumzika nacho.

Umebeba jina la baba yangu, kwa hiyo usidanganye. Yeye alikuwa anadanganya ng'ombe tu, wakati wa kuwakamua.

Shangazi yako,
Eufrasia


Ikwiriri, Rufiji,
13 Mei 2024

Shangazi Eufrasia na akina mama wote wa Igembe Nsabo,

Shikamooni! Barua imefika. Konda wa safari hii hana soksi, kwa hiyo haikunuka.

Akina mama, mkae vizuri kwenye mikeka. Nimeona maji. Mimi ninayejua Ziwa Viktoria kama sebule yangu, nimenyamaza. Mto umekuja kama mgeni asiyejua adabu: ameingia sebuleni, ameingia chumbani, amekaa mpaka jikoni, na haagi. Minazi imezama mpaka shingo. Mahali palipokuwa shamba la mpunga nimepita juu yake kwa mtumbwi. Watu wamehamia kwenye shule moja iliyo mlimani, darasa moja familia nane, na ubaoni bado kuna hesabu za darasa la tano ambazo, kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nilizisahihisha. Mwalimu amezirudisha zilivyokuwa.

Mzigo wetu tuliushusha, tukaupakia kwenye mitumbwi, tukaupandisha mlimani kwa mabega. Theonest aliteleza na gunia la maharage akakaa kwenye tope kama mfalme, na watu waliokuwa wakilia tangu asubuhi wakacheka. Mchele wa Kagongwa ulipikwa siku hiyo hiyo. Mablanketi yamegawiwa. Mwambieni Bi Bhagwati kitanda changu ni keria ya Fuso.

Na michembe? Sasa ndiyo nafika. Michembe yenu, akina mama, ilipokelewa kwa shangwe kubwa. Hakuna mzigo uliokusanya watu kama huo. Wazee walisimama kuitazama. Bi Siwatu, mama mkuu wa jiko la kambi, mwanamke wa heshima na sauti ya king'ora, aliishika kwa mikono yake miwili. Tangu siku hiyo imewekwa ndani, mahali pakavu, juu ya magunia mengine yote. Watoto wanaipenda mno, kila asubuhi wanakuja kuniomba vipande. Na watu wakipita wanaitaja wakitabasamu. Watu wa Pwani ni watani wetu tangu mababu, wanajua kuthamini.

Theonest amerudi na gari lake. Mimi nimebaki kidogo, klachi inasumbua. Hapa samaki ni wengi, jana nilikula mmoja mkubwa kama utingo.

Mama Thobias, asante kwa kusoma. Meza mate.

Ndaki, balozi wenu


Mhunze,
29 Mei 2024

Ndaki,

Marahaba. Hii naiandika mwenyewe, nimekaa nyuma ya nyumba, na haitasomwa na mtu. Loveness alipiga simu kwa jirani: kifungo kilitoka siku nyingi, wewe ndiye hujauliza.

Barua yako ilisomwa. Wanawake walifurahi, Serafina alipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Kisha usiku nikaisoma tena peke yangu.

Mwanangu, barua nzima ile, neno "kula" umelitumia kwa samaki wako tu. Michembe imetazamwa. Michembe imeshikwa. Michembe imewekwa juu. Hivyo ndivyo wanavyofanyiwa watakatifu wa kanisani, siyo chakula. Na watoto wanaoomba vipande bila kusema wametafuna, mimi nimelea watoto, najua mtoto huomba nini kwa ajili ya nini.

Melania naye siyo mjinga. Hakusema kitu mbele za watu. Alinifuata njiani akaniambia, "Mwandiko wake mzuri," akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Sikusemi kwa kuogopa kiti. Nakusema kwa sababu kila siku napita mbele ya nyumba ya Serafina kwenda kisimani, na ananiuliza, "Wanaendeleaje watu wetu wa Rufiji?" Anasema "watu wetu". Hao watu anawaona wanakula kwenye bakuli lake. Nimjibu nini?

Niambie ukweli hata kama imetupwa mtoni. Klachi yako naijua, ni ya mdomo.

Mimi usiwe na wasiwasi nami. Usiniulize nakula nini, mtu mzima hali sana, na mtama umebakiza wiki chache. Nilitoa nilichokuwa nacho ili wengine wasiogope kutoa.

Shangazi yako,
Eufrasia


Mhunze,
19 Juni 2024

Ndaki,

Salamu baadaye. Kimya chako kinapiga kelele hadi huku. Mtama umeanza kuvunwa. Mkutano ni tarehe kumi na moja mwezi ujao.

E.


Ikwiriri,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Narudia, shikamoo, na ningekuwa hapo ningepiga magoti. HII ISISOMWE KIKUNDINI. Mama Thobias, kama umeifungua kwa bahati mbaya, ifunge kwa makusudi.

Kila nililoandika juu ya michembe lilikuwa kweli. Ilipokelewa kwa shangwe, ndiyo. Tulipofungua gunia la kwanza, Bi Siwatu alitoa kipande, akakigeuza, akakigonga kwenye sufuria: ko, ko, ko. Akaniangalia. "Mtani," akasema, "ndiyo mmetuletea magome?"

Nikasema, "Magome gani mama, hicho ni chakula!"

Shangazi, jiko zima lilianguka kwa kicheko. Na hapo ndipo nilipopatikana. Unajua kazi ya mtani kwenye msiba. Anakuja na vituko. Analeta kapu la majivu anasema ni unga, anamkemea marehemu kwa kuacha deni la pombe, ili waliofiwa wapate pa kupumulia. Basi hawa watu walielewa moja kwa moja: Wasukuma, watani wetu, wametuletea mchele wa kweli, halafu magunia kumi na mawili ya magome ya utani. Mbali kote huko! Waliona ni heshima isiyo kifani. Mzee mmoja aliyepoteza nyumba na mbuzi wake wote alinishika mkono akasema tangu maji yaje hakuwa amecheka. Wakayapandisha magunia juu ya mengine ili kila anayeingia ayaone acheke. Watoto walikuwa wanaomba vipande wavifanye mitumbwi kwenye madimbwi. Inaelea vizuri, kama ungetaka kujua.

Nikaapa ni chakula. Wakazidi kucheka. Nikatafuna kipande kikavu mbele yao. Wakaita na darasa la pili waje kumwona Msukuma anayekula mti. Shangazi, maisha yangu yote nimeishi kwa kuchekesha watu, nimepata chai ya bure kuanzia Katoro mpaka Kasumbalesa kwa mdomo huu. Sasa nasema neno moja la kweli, hakuna wa kuniamini.

Nikasema nitapika. Mimi! Nimekula michembe tangu nilipoota jino, kama ulivyosema, lakini jikoni kwako uliniruhusu kufika lini? Nikaitupa kwenye maji ya moto bila kuiloweka, nikatia dagaa na chumvi. Kilichotoka, mbwa wa kambi alikinusa akanitazama kwa huruma. Bi Siwatu akanipiga begani, "Mtani, inatosha sasa, mbavu zinaniuma."

Ndiyo maana nilibaki. Klachi nzima kabisa. Nilishindwa kuondoka na kuyaacha magunia, na nilikuwa nimeapa kutoyarudisha.

Kisha ikaja barua yako ya mwisho wa mwezi wa tano. Ilichelewa, ilikaa Dar es Salaam kwenye dashibodi ya basi jingine. Niliisoma nimekaa juu ya magunia. Nikafika pale uliposema nisiulize unakula nini. Nikaikunja. Watu wakanipigia kelele, "Mtani, leo magome yameiva?" sikujibu. Bi Siwatu akaja, mikono kiunoni.

"Mbona leo hunitukani?"

Nikampa barua, aya ile ya mwisho. Akaisoma polepole, midomo ikitembea.

"Huyu ndiye shangazi yako? Ametoa chakula chake?"

"Chote."

"Chakula kweli?"

"Kweli, mama."

Hakucheka. Alichomoa kipande gunini, akakitia mdomoni, akakiweka shavuni kama peremende, akasimama hivyo hivyo akinitazama. Shavu likaanza kutembea. Macho yakafunguka.

"Ndaki. Hiki ni kiazi kitamu."

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimesema kila siku! Si nimesema michembe?"

"Na michembe ndiyo nini?"

Shangazi, tuliangaliana. Wiki zote hizo nilisema michembe, chakula cha kwetu, chakula cha kiangazi, chakula cha wanaume. Viazi sikutaja hata siku moja. Nani angefikiri kwamba chini ya jua hili kuna mtu wa kuambiwa michembe ni viazi?

Akanitukana mpaka ukoo wa mwisho, kwa haki ya utani, kisha akavua khanga ya kichwani akajifunga kiunoni. Wakailoweka mpaka ikalainika. Wakakuna nazi. Samahani, shangazi: wameipika kwa tui la nazi, na iliki kidogo, kama futari. Najua unashika kichwa. Lakini watu walikula. Yule mzee wa mbuzi alirudi na sahani, halafu akarudi tena akijifanya ni ya jirani. Jina la mlaji mwenye akili timamu uliloomba: Bi Siwatu. Magunia tisa yameisha, na matatu yaliyobaki ameyafungia stoo na ufunguo kaufunga kwenye khanga, kwa sababu watu wameanza kuiba magome.

Wanauliza kama yapo mengine. Maji yamepungua, lakini mashamba yao ni tope tupu, watavuna lini?

Usimwambie Mama Thobias habari ya nazi.

Sasa zamu yako, mwanamke wa karatasi isiyo na mtandao. Unakula nini?

Ndaki


Mhunze,
28 Julai 2024

Ndaki, baba yangu,

Marahaba. Hatujambo sote. Mtama umeingia, siyo mwingi, unatosha. Mguu umenyamaza hata asubuhi.

Barua yako ilifika Jumatano, mkutano ukiwa kesho yake. Uliandika kwa herufi kubwa isisomwe. Nililala nayo chini ya mto. Asubuhi nikaoga, nikaenda, nikampa Melania mkononi. Nikamwambia, "Soma yote. Usikohoe." Wametoa chakula chao, Ndaki, ni haki yao kujua kilipita njia gani.

Alipofika kwenye magome, hakuna aliyecheka. Wote walinigeukia mimi. Serafina aliweka mkono mdomoni. Melania akaacha kusoma, akanitazama juu ya miwani, nikasema endelea. Akaendelea. Kwenye Msukuma anayekula mti, Serafina akafanya "hmp!" Akajizuia. Kwenye mbwa akashindwa. Alilala chali kwenye mkeka miguu juu, na wajukuu sita alionao! Baada ya hapo hakuna aliyebaki amekaa. Melania mwenyewe alifuta miwani mara tatu, anasema ni vumbi.

Ile sehemu inayotaja barua yangu aliisoma kwa sauti ndogo. Kwenye shavu la Bi Siwatu wote walimsogelea Melania na mikeka yao. Na kwenye "hiki ni kiazi kitamu" wanawake walipiga vigelegele kama amezaliwa mtoto.

Umeuliza nakula nini. Ngoja nikuambie. Tangu mwezi wa tano, kila jioni bakuli linatua mlangoni kwangu, limefunikwa kwa sahani. Anayelileta hapigi hodi. Ugali na mlenda, siku nyingine na maziwa. Mimi naliosha, nalirudisha kwenye kizingiti chake alfajiri, naye hasemi, nami sisemi. Ni bakuli la Melania, la maua mekundu, alilozawadiwa kwenye harusi ya Thobias. Mchana kutwa ananibishia kikundini mpaka koo linamkauka, jioni bakuli. Alikuwa ameona jiko langu halitoi moshi. Na ile siku aliponiambia mwandiko wako mzuri, jioni yake aliongeza samaki.

Basi baada ya kicheko nilisimama. Nikasema, "Nilisema Tinde, wakikikataa uenyekiti chukua. Walikikataa miezi miwili, wakakila mwishoni. Neno langu ni neno langu. Melania, chukua."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mimi? Nikiwa mwenyekiti, nitambishia nani?" Watu wakaanza tena kucheka. "Kaa chini, Eufrasia. Viazi vimejaa mashambani na jua limewaka, wewe unagawa viti. Hao watu wameuliza kama yapo mengine. Yapo au hayapo?"

Nikakaa chini.

Kuanzia kesho yake hatukupumzika. Nyumba zote za Mhunze zimeanikwa viazi mpaka juu ya mabati. Melania ndiye mkuu wa visu, anakagua kila kipande kama mchumba wa mtoto wake, na kinachozidi unene anakirudisha na maneno. Tumebishana kuhusu nazi siku mbili. Mimi nasema ni kuharibu. Yeye anasema utuletee mbili za majaribio, na nikikataa kuonja atamwambia Bi Siwatu kwa barua. Wameshaanza kuandikiana, hao wawili, sijui wanasema nini juu yangu.

Njoo na Fuso tupu, na Theonest aje na lake, hata akiendesha kama mayai. Michembe imekauka, ipo tayari magunia ishirini na moja, imeshonwa. Na Melania amechukua mkaa, amepita gunia kwa gunia, akaandika kwa mwandiko wake wa katibu, herufi kubwa kama za basi:

HIVI NI VIAZI. VILOWEKWE KWANZA. SIYO UTANI.

Shangazi yako,
Eufrasia